Jina na Sifa ya Watunzi Katika Programu Huria Zilizogawanyika

Katika nchi ya Rungwe, kusini ya mji wa Mbeya, Wanyakyusa walikuwa na desturi iliyoitwa ubusoka, maana yake kutoka. Wana wa chifu walipokwisha kuwa watu wazima, na rika lao likawa limeoa na kushika majembe yake, nchi ya baba yao iligawiwa sehemu mbili, na wana wawili wakasimikwa kuwa machifu, kila mmoja upande wake. Mioto ya zamani ilizimwa majumbani, ukapekechwa moto mpya, na kila nyumba ikachukua kijinga kutoka katika moto huo. Baba hakujiwekea sehemu ya tatu. Aliachia nchi, na watu walitazamia kwamba hataishi siku nyingi baada ya hapo. Godfrey na Monica Wilson, waliokaa katika nchi hiyo nyakati mbalimbali kati ya 1934 na 1938, waliziandika habari hizi kwa urefu, na kitabu cha Monica Wilson kilichotoka mwaka 1951 chazieleza hatua kwa hatua.

Lililo kubwa katika desturi hiyo si ugawaji wa ardhi. Watu wa kila nchi hugawana ardhi. Lililo kubwa ni kwamba nchi mbili zile hazikuwa tena nchi moja, kwa kuwa kila moja ilikuwa na chifu wake, vijiji vyake na wakuu wa vijiji wake, walioitwa amafumu. Walakini hapana hata moja iliyothubutu kudai kwamba imejizaa yenyewe. Sadaka za machifu zilipelekwa Lubaga, kwenye kichaka kitakatifu cha Lwembe, na aliyekuwa mbali kwa vizazi vingi alijua apitie kwa nani ili afike kwenye asili. Jina jipya na heshima ya kale vilikwenda pamoja bila kugombana. Baadaye serikali ya Kiingereza, iliyotia nguvu utawala wa machifu kwa sheria ya 1926, ilipendelea machifu wenye mipaka isiyohama na orodha isiyoongezeka. Uhaba wa ardhi nao ukawa mkubwa. Na mwaka 1963 uchifu wenyewe ukafutwa katika Tanganyika. Ubusoka ukabaki katika vitabu na katika kumbukumbu za wazee.

Habari hizo zimetangulizwa kwa sababu yaliyotokea katika utunzi wa programu za kompyuta kwa muda wa miaka arobaini iliyopita ni mambo ya namna ile ile. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake asilia yamewekwa wazi, na leseni yake yamruhusu kila mtu kuyasoma, kuyabadili na kuyagawa tena. Ikiwa watunzi wanahitilafiana, au ikiwa mahitaji ya nchi moja hayalingani na ya nchi nyingine, kundi moja laweza kuchukua nakala ya maandishi yote na kwenda nayo njia yake. Hakuna aibu katika jambo hilo, wala si wizi, kwani ruhusa imekwisha tolewa tangu mwanzo. Lakini ruhusa hiyo ina upungufu ambao wengi huutambua wakiwa wamekwisha kuondoka. Leseni humpa mwenye kuondoka maandishi, haimpi jina. Tena humwamuru abebe majina ya waliomtangulia. Jina asilopewa na majina asiyoruhusiwa kuyatupa ndivyo vilivyozaa karibu magomvi yote ya historia hii.

Richard Stallman alitangaza kazi yake ya GNU mwezi wa Septemba 1983, na leseni yake ya umma ikatoka mara ya kwanza mwaka 1989, kisha ikaandikwa upya mwaka 1991. Katika toleo hilo la pili mna sharti dogo ambalo wasomaji wengi hulipita: anayebadili faili lazima aweke humo tangazo la wazi kwamba amelibadili, pamoja na tarehe. Sharti hilo lalinda pande mbili kwa pamoja. Lamlinda mtunzi wa kwanza asilaumiwe kwa makosa ya mtu wa pili, na lamlinda wa pili asimezwe na sifa ya wa kwanza. Ni hekima ya fundi ambaye hataki mlango mbovu uliotengenezwa na mwingine uitwe wake.

Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilishika njia nyingine. Leseni yake ya kwanza ilimtaka kila mwenye kutangaza bidhaa iliyomo kazi ya chuo hicho alitaje jina la chuo katika tangazo lenyewe. Sharti lilionekana la haki, na huenda lingedumu kama lingebaki la Berkeley peke yake. Lakini kila aliyechukua leseni hiyo alifuta jina la chuo na kutia lake, na sharti likazaana. Stallman alihesabu katika toleo moja la NetBSD la 1997 sentensi sabini na tano za namna hiyo, kila moja ikidai nafasi yake katika tangazo. Mtu angehitaji ukurasa mzima wa gazeti kutangaza kitu kimoja. Tarehe 22 Julai 1999 chuo kililiondoa sharti hilo. Kuwashukuru watu wote katika kila tangazo kuligeuka kuwa mzigo, na mzigo huo uliwafukuza hata wale waliotaka kushukuru.

Kuhusu jina, mfano ulio mashuhuri kuliko yote ulianza Helsinki. Mwaka 1991 mwanafunzi Linus Torvalds alitunga kiini cha mfumo wa kompyuta, naye alikusudia kukiita Freax. Aliyekiweka katika mashine ya kugawia watu, Ari Lemmke, hakulipenda jina hilo, akaliita jalada Linux. Na jina la mtumishi wa ghala likashinda jina la mtunzi. Miaka michache baadaye mtu mmoja wa Boston, William Della Croce, aliandikisha jina Linux huko Marekani kuwa alama yake ya biashara, ingawa hakuwa amelitunga wala kulitumikia. Kesi ilikwisha mwaka 1997 kwa mapatano, na alama ikapewa Torvalds. Stallman kwa upande wake amedai kwa miaka mingi kwamba mfumo mzima uitwe GNU/Linux, kwa kuwa sehemu kubwa ya vyombo vilivyokizunguka kiini hicho ilitungwa na watu wake. Dai lake lina haki ndani yake, bali watu huita kitu kwa jina lililo fupi, na haki ikiwa ndefu mno hukosa wa kuitamka.

Kutoka nchi ile ile ya Finland ndiko walikotoka walimu walioshirikiana na chuo cha Iringa. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Tumaini, katika chuo chake kishiriki cha Iringa, kilianzisha shahada ya teknolojia ya habari pamoja na Chuo Kikuu cha Joensuu, kwa nia ya kufundisha utunzi wa programu unaotokana na mahitaji ya mahali badala ya kuiga mitaala ya mbali. Vyuo vyote viwili vimekwisha kubadili majina. Joensuu kiliunganishwa mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha Mashariki ya Finland, na chuo cha Iringa mwaka 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Iringa. Huko Mbeya vilevile, Chuo cha Ufundi kilichoanzishwa mwaka 1986 kikawa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia mwaka 2005, kisha Chuo Kikuu mwaka 2012. Mwenye shahada ya zamani yampasa aeleze kwamba chuo kilicho katika cheti chake ni kile kile kilicho katika lango la leo. Majengo ni yale yale, udongo mwekundu ni ule ule. Lililohama ni jina tu, na bado maelezo yahitajika.

Lakini kesi iliyo karibu zaidi na Nyanda za Juu Kusini ni ya dawa. Bohari ya Dawa ya Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya 1993, ina maghala ya kanda huko Mbeya na Iringa. Zahanati ya Makete au kituo cha afya cha Chunya huandika ripoti ya dawa zilizotumika na maombi ya zitakazohitajika. Karatasi hiyo zamani ilipanda gari hadi wilayani, ikapita mikononi mwa mfamasia, ikaenda kwenye kanda, na mara nyingi kosa dogo la hesabu lilionekana wakati dawa zimekwisha kupungua rafuni. Tangu mwaka 2011 mashirika kadhaa, miongoni mwao PATH, VillageReach na John Snow, Inc., yalishirikiana katika kutunga programu huria ya ugavi wa dawa iliyoitwa OpenLMIS. Tanzania na Zambia zilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuitumia, na huku kwetu ilianza kazi mwaka 2013 kwa jina la eLMIS.

Kazi ilipokwisha kuanza, haja za nchi zilitofautiana. Tanzania na Zambia zilikuwa na mipango yao ya mikoa na wilaya, ratiba zao za maombi, na mifumo mingine ya kuunganisha. Mabadiliko yaliyofanywa kwa ajili yao hayakurudi yote kwenye shina, na maandishi ya eLMIS yakawa yanakwenda njia yake. Wenye OpenLMIS walipoijenga upya, wakatoa toleo la tatu mwaka 2017 lililogawanywa katika sehemu ndogo ndogo ili kila nchi iongeze yake bila kuuvunja mwili mzima, matawi ya zamani hayakuweza kurudi shinani kwa urahisi. Hapakuwa na ugomvi wa hadharani. Ulikuwa mgawanyiko wa kimya, wa namna itokeayo mara nyingi zaidi kuliko ile iandikwayo magazetini: watu wana kazi ya kumaliza, mwaka wa fedha unakwisha, na nakala iliyo mkononi ndiyo hurekebishwa.

Katika kimya hicho jina na sifa vilipata mgawo wake. Jina eLMIS si jina kwa maana halisi. Ni ufupisho wa maneno yanayoeleza kwamba kitu hiki ni mfumo wa elektroniki wa habari za ugavi, na jina linaloeleza kazi tu ni vigumu mtu mmoja kulimiliki, kama vile hapana awezaye kumiliki neno duka. Kwa upande mmoja hiyo ilikuwa heri, kwa sababu hakuna aliyeweza kuinyang'anya Tanzania jina la mfumo wake. Kwa upande wa pili, jina lisilo la mtu halina wa kulionea fahari. Mfamasia wa Mufindi hasemi kwamba anatumia kazi ya fulani. Asema anaingiza takwimu katika mfumo.

Kadhalika ndivyo ilivyo kwa vikapu vya milulu vinavyosukwa na wanawake wa Iringa, ambavyo huuzwa mbali kwa jina la Iringa, na kwa vyungu vya Wakisi vinavyofinyangwa Ikombe katika pwani ya Ziwa Nyasa na kuletwa kwa mitumbwi Matema. Mnunuzi ajua kabila, ajua mahali, hajui mkono. Wenyeji lakini wajua; mfinyanzi mzoefu huitambua kazi ya jirani yake kwa ukingo wa chungu. Programu haina ukingo wa kupapasa. Ikiwa jina halikuandikwa, hakuna jirani wa kulitambua.

Basi yafaa kutazama kilichoandikwa. Kichwani mwa faili za programu huria huwekwa tamko la hakimiliki, mistari michache inayotaja mwenye haki, mwaka na leseni. Katika faili za OpenLMIS latajwa shirika la VillageReach. Katika faili za eLMIS yako matamko yanayolitaja shirika la John Snow, Inc., na kueleza kwamba programu ilitungwa kwa ajili ya USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, chini ya mradi wake wa DELIVER. Hakuna uongo katika maneno hayo: mwenye hakimiliki ametajwa, na mwenye fedha ametajwa. Lakini mwenye hakimiliki na mtunzi si kitu kimoja, na hapa ndipo sheria za nchi mbalimbali zinapoachana kwa namna ya kustaajabisha.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania Bara, namba 7 ya 1999, yazihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa, nayo yamtambulia mtunzi haki ya namna mbili. Ya kwanza ni ya mali, ambayo kwa mtu aliyeajiriwa huenda kwa mwajiri wake pasipo mapatano mengine. Ya pili ni ya utu wa mtunzi: haki ya kutajwa kwamba kazi ni yake, na haki ya kupinga isiharibiwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Hii ya pili haifuati mshahara. Katika Uingereza, sheria ya 1988 ilianzisha haki ya mtunzi kutajwa, kisha ikazitoa programu za kompyuta katika haki hiyo kwa maneno ya wazi. Na katika Marekani, sheria ya 1990 iliyoileta haki ya namna hiyo ilihusu kazi za sanaa za kutazamwa tu. Kwa hiyo mtunzi wa programu aliyeketi Iringa ana haki katika kitabu cha sheria ambayo mwenzake wa London hana. Ni ajabu kwamba haki hiyo husikika kidogo sana katika mikataba ya miradi, ambayo mara nyingi huletwa imekwisha kuandikwa na watu wa nchi ambako haki hiyo haipo. Mtu hadai asichokijua, na mwajiri hana sababu ya kumkumbusha.

Ipo hata hivyo hukumu moja ya Marekani iliyowasaidia watunzi kwa mlango mwingine. Robert Jacobsen, profesa wa fizikia huko Berkeley, alikuwa na wenzake wakitunga kwa mapenzi programu huria ya kuongozea treni ndogo za kuchezea. Mfanyabiashara mmoja, Matthew Katzer, na kampuni yake walichukua baadhi ya faili zake, majina ya watunzi na matamko ya leseni yakaondolewa, na faili zikaingia katika bidhaa yao. Mwezi wa Agosti 2008 mahakama ya rufani iliamua kwamba masharti ya leseni huria, likiwemo la kuwataja watunzi, si ombi la hisani tu. Anayeyavunja aweza kuwa amevunja hakimiliki yenyewe. Maana ya uamuzi huo ni kwamba sifa ya mtunzi, hata pale ambapo hakuna fedha iliyolipwa, ni thamani ambayo mahakama yaweza kuilinda. Treni za kuchezea zilifanya kazi ambayo makampuni makubwa hayakuifanya.

Katika habari ya jina, Watanzania walipata somo lao kabla ya lile la dawa. Mwezi wa Desemba 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na Waswidi katika mradi wa Kilinux, walitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice. Mtu wa Iringa, ambaye salamu yake ni kamwene, na mtu wa Rungwe, ambaye husema ugonile, huenda wangetamani neno lingine, kwa kuwa jambo peke yake limekuwa salamu ya wageni hotelini. Lakini jina lile lilitungwa kwa busara kuliko lilivyoonekana. Nusu ya kwanza yasema huyu ni mtoto aliyezaliwa Afrika ya Mashariki. Nusu ya pili yamtaja mama. Hakuna aliyelisikia akadhani kwamba programu nzima ilitungwa Dar es Salaam, wala akadhani kwamba Waswahili hawakufanya kitu.

Mama mwenyewe alikuwa na historia ya kuhamahama. Ilianza kwa kampuni ya Kijerumani, StarDivision, iliyoanzishwa na Marco Börries mwaka 1985. Kampuni ya Sun iliinunua mwaka 1999 na kuyafungua maandishi mwaka 2000. Hata jina lilikuwa na kasoro tangu siku hiyo, kwa sababu OpenOffice peke yake lilikuwa alama ya watu wengine, na mradi ukalazimika kujiita OpenOffice.org. Mwezi wa Januari 2010 Oracle iliinunua Sun. Tarehe 28 Septemba mwaka huo wengi wa watunzi walijitenga, wakaunda shirika la The Document Foundation, wakaiomba Oracle iwape jina. Oracle haikuwapa, tena iliwataka waliokuwa katika baraza la mradi wa zamani na pia katika shirika jipya waondoke barazani. Wakaenda na maandishi yote bila jina, wakajiita LibreOffice, na Januari 2011 wakatoa toleo lao la kwanza. Miezi mitano baadaye Oracle ilikabidhi jina na maandishi kwa shirika la Apache. Ikawa kwamba waliokuwa na jina walibaki na watu wachache, na waliokuwa na watu walibaki bila jina.

Kiswahili kilichotafsiriwa mwaka 2004 kilikuwa huru kwenda upande wowote, maana leseni ilikiruhusu. Kisichokuwa huru ni nusu ile ya jina. Aliyetaka kuendelea na tafsiri katika kundi lililokuwa na uhai zaidi asingeweza kuendelea kuiita kwa jina lililojulikana na wasomaji wake. Bei ya kumtaja mama katika jina ni kwamba mama akiolewa na mtu mwingine, mtoto hubadilishiwa jina bila kuulizwa.

Tena hapo pana jambo la watafsiri, ambao sifa yao ni nyembamba kuliko ya watunzi wote. Katika muundo wa faili za tafsiri unaotumika sana kwenye programu huria, kichwani mna mstari mmoja wa kumtaja mtafsiri wa mwisho. Wa mwisho, si wa kwanza. Anayesahihisha nukta tatu jina lake huingia, na yule aliyekesha akitafuta neno la Kiswahili kwa kitu kisichokuwa na neno jina lake hutoka, isipokuwa mtu amejitahidi kuliandika mahali pengine. Yaonekana kwamba aliyebuni muundo huo alitaka kujua ni nani wa kuulizwa kosa linapoonekana, wala hakufikiri habari ya kuheshimu. Lakini chombo kilichotengenezwa kwa lawama kimekuwa ndicho chombo cha sifa, na lugha ndogo ndizo zilizoumia zaidi, kwa kuwa katika lugha hizo kila neno ni uvumbuzi.

Jina Ubuntu nalo halipaswi kuachwa. Oktoba 2004, miezi miwili kabla ya Jambo OpenOffice, Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini alitoa mfumo uliotokana na Debian, ambao wenyewe ulipewa jina mwaka 1993 kwa kuunganisha jina la Ian Murdock na la mchumba wake Debra. Ubuntu ni neno la Wanguni, ndugu wa utu wetu, na Mnyakyusa anayemwita mtu umundu hulisikia bila mkalimani. Leo neno hilo, kwa habari ya programu, ni alama ya biashara ya kampuni ya Canonical, na anayebadili mfumo huo kisha akataka kuugawa kwa jina hilo lazima apate idhini. Kampuni haikosi sheria. Isipokuwa na alama, mtu yeyote angeweza kuuza takataka kwa jina lake. Walakini kuna kejeli katika kuuweka utu wa Wabantu wote katika daftari la alama, na kejeli hiyo haipungui kwa kuwa ni halali.

Debian yenyewe ilikwisha kuonja upande wa pili. Mwaka 2006 shirika la Mozilla lilikataa programu yake ya Firefox iitwe kwa jina hilo ndani ya Debian ikiwa imerekebishwa bila idhini yao, na picha yake haikuwa chini ya leseni huria. Watu wa Debian waliiita Iceweasel, wakakaa na jina hilo la mzaha kwa muda wa miaka kumi, hadi mapatano ya 2016. Maandishi yalikuwa karibu yale yale. Mtumiaji aliyeketi mbele ya kompyuta mbili angeona majina mawili na kazi moja.

Chombo kilicholeta nafuu kubwa katika habari ya sifa ni Git, alichokitunga Torvalds mwezi wa Aprili 2005 kwa haja yake mwenyewe. Katika kila badiliko Git huandika majina mawili mbalimbali: la mtunzi wa badiliko, na la aliyeliingiza. Anayepokea kazi ya mwingine hawezi kuwa mtunzi kwa kupokea tu. Mwaka mmoja kabla yake, baada ya kampuni ya SCO kuishitaki IBM mwaka 2003 ikidai kwamba maandishi yake yameingizwa katika Linux, watunzi wa Linux walianza kumtaka kila mtu atie sahihi kwamba ana haki ya kutoa alichokitoa. Nasaba ya kila mstari ikawa yaweza kufuatwa nyuma hadi kwa mtu, kama vile machifu wa Rungwe walivyoweza kuifuata hadi Lubaga.

Lakini nasaba hiyo hukatika kwa urahisi mno. Mtu akiyachukua maandishi bila historia yake, akayatia katika ghala jipya kwa mkupuo mmoja, basi mistari elfu mia yote huonekana imetungwa na yeye, siku ile, saa ile. Hakuna aliyefuta jina kwa kusudi, na matamko ya hakimiliki yangalipo vichwani mwa faili. Ila matamko hayo, kama ilivyoonekana, huwataja wenye mali. Miradi inapokabidhiwa kutoka shirika hadi shirika, au kutoka shirika hadi serikali, mkupuo wa namna hiyo ni jambo la kawaida, kwa kuwa ni rahisi kuliko kuhamisha historia nzima, na katika hati ya makabidhiano hakuna kisanduku cha kuiulizia. Kijana aliyemaliza masomo Mbeya au Iringa, aliyekaa miaka mitatu akirekebisha hesabu za maombi ya dawa, akienda kuomba kazi mahali pengine na kuulizwa aonyeshe alichokitunga, hutazama ghala jipya na kukuta jina la aliyekabidhiwa. Hana chungu cha kuonyesha, na ukingo hautambuliki.

Toleo la tatu la leseni ya GNU, la mwaka 2007, pamoja na ndugu yake Affero ambayo eLMIS na OpenLMIS zimeitumia, laruhusu kuongezwa masharti yanayomtaka mwenye kuchukua kazi ahifadhi majina ya watunzi, asidanganye kuhusu asili yake, na alibainishe tawi lake lisichanganywe na shina. Laruhusu pia kukataza majina ya watoa leseni yasitumiwe kwa kujitangaza. Mlango uko wazi tangu wakati huo, lakini lazima mwenye hakimiliki ndiye aupite; mtunzi aliyeajiriwa hukaa nje akisubiri.

Mradi wa DELIVER ulikwisha mwaka 2016. USAID yenyewe ilikoma kuwa shirika la kutoa misaada tarehe 1 Julai 2025, na kazi zake zilizosalia zikahamishiwa wizara ya mambo ya nchi za nje ya Marekani. Jina lake lingalimo katika faili zilizotungwa kwa fedha zake, na leseni haimruhusu mtu kulifuta.